Twapigana na Joto, Tumeusahau Unyevu

Lipo jambo ambalo sisi wakazi wa Kisumu na ukanda mzima wa Ziwa Viktoria tumelizoea hata hatulioni tena. Jambo hilo ni unyevu wa hewa. Tukilalamika, aghalabu hulilalamikia joto. Mwalimu akitoka darasani saa nane mchana, shati limemganda mgongoni, husema jua la leo ni kali. Mzazi akifungua sanduku na kukuta cheti cha mwanawe kimeota madoa ya kijivu, husema karatasi za siku hizi hazina ubora. Jua hulaumiwa, karatasi hulaumiwa, lakini mshitakiwa wa kweli huachiwa aende zake bila hata kuhojiwa.

Nimeona vyema kulizungumzia suala hili kwa sababu viyoyozi, ambavyo zamani vilikuwa mapambo ya benki na hoteli, sasa vimo katika maktaba, vyumba vya kompyuta, maabara na hata nyumba za baadhi ya walimu wetu. Hilo si baya. Kinachosikitisha ni kwamba mashine hizi hununuliwa na kutumiwa kana kwamba kazi yake ni moja tu, nayo ni kuleta baridi. Hoja yangu ni kwamba katika maeneo yetu kazi yake yenye faida kubwa zaidi ni kuikausha hewa. Kwamba kazi hiyo hutegemea mipangilio miwili isiyojaliwa na wengi, yaani kasi ya feni na alama ya tone la maji. Na kwamba tumeshindwa kuitumia mipangilio hiyo si kwa uzito wa akili zetu, bali kwa sababu maarifa yake hatujayasema katika lugha tunayoielewa.

Hebu tuanze na hali ya hewa yenyewe. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, upande wa kusini, na kimo chake ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufika nyuzi 29 au 30 za Selsiasi, na alfajiri hushuka hadi nyuzi 17 au 18. Mji umekaa ukingoni mwa ziwa lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na jua linapoliwakia ziwa hilo, maji yake huvukizwa mchana kutwa. Upepo wa mchana huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu na kutuletea mvuke huo majumbani. Jioni mawingu hujikusanya, radi hunguruma, mvua hunyesha, na ardhi iliyolowa huendelea kuulisha unyevu usiku kucha.

Akina mama wanaoanika omena Dunga na kwenye fuo nyingine za ziwa hili wanaujua ukweli huu kuliko wengi wetu tulio na shahada. Wao hawatazami jua peke yake. Siku ya jua na upepo mkavu, omena hukauka vyema. Siku ya mawingu na hewa nzito, hata kama joto lipo, samaki hao hulegea, hunuka na mtaji hupotea. Mama huyo hana kipimo mkononi, ila anafahamu kwamba joto na ukavu ni vitu viwili tofauti. Hilo ndilo somo ambalo mtu anayebonyeza rimoti ya kiyoyozi aghalabu hana.

Sasa tuingie katika sayansi, nami nitajitahidi kuisema kwa maneno ya kawaida. Hewa ya joto huweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 huweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke. Kwa nyuzi 25 hubeba gramu 23, kwa nyuzi 20 hubeba gramu 17, na kwa nyuzi 10 hubeba gramu 9 na kitu. Wanajiografia wanapotaja unyevuanga kwa asilimia, huwa wanalinganisha mvuke uliomo na ule ambao hewa hiyo ingeweza kuubeba. Hewa ikipozwa hadi isiweze tena kuubeba mvuke wake, mvuke hugeuka matone. Hapo ndipo umande unapozaliwa, na ndiyo maana majani huamka yamelowa ingawa mvua haikunyesha.

Tuchukue mfano. Tuseme hewa iliyotoka ziwani ina gramu 15 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Katika chumba chenye nyuzi 30, hiyo ni nusu ya uwezo wa hewa, yaani asilimia 50. Chumba kina joto, lakini vitabu havina shida kubwa. Kipoze chumba hicho hadi nyuzi 20 bila ya kuuondoa mvuke huo. Gramu zile 15 sasa ziko ndani ya hewa yenye uwezo wa gramu 17 tu. Unyevuanga umepanda hadi kukaribia asilimia 90! Mwenye chumba anasikia ubaridi na kufurahi. Vitabu vyake vimetiwa katika pango la kuvu. Wataalamu wa majengo hushauri kwamba unyevuanga wa ndani usizidi asilimia 60. Ukizidi hapo kwa muda mrefu, kuvu huota kwenye karatasi, nguo, ngozi za viatu na dari, na chembe zake zinazopeperuka hewani huwatesa wenye pumu.

Naam, ndipo tunapomhitaji mwenye mashine aelewe mashine yake. Historia ina kichekesho chake hapa. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Port Florence, ambayo leo ni Kisumu, mwaka 1901. Mwaka uliofuata, 1902, mhandisi kijana wa Marekani aliyeitwa Willis Carrier alipewa kazi na kiwanda kimoja cha uchapishaji kilichokuwa Brooklyn, New York. Kiwanda hicho hakikuwa kikilia joto. Kilikuwa kikilia unyevu. Karatasi zilivimba na kunywea kadiri hewa ilivyobadilika, na rangi zilizochapwa moja juu ya nyingine zikakosa kukutana mahali pake. Carrier alibuni mtambo wa kuudhibiti unyevu huo, na mtambo huo ndio unaohesabiwa kuwa babu wa viyoyozi vya leo. Kwa hiyo mashine hii ilizaliwa kwa ajili ya kuiokoa karatasi. Leo tumeiweka maktabani, tukaisahaulisha kazi iliyozaliwa nayo.

Inafanyaje kazi? Wengi hudhani kwamba kiyoyozi hutengeneza baridi. Sivyo. Kiyoyozi ni pampu ya joto. Kama vile pampu za Dunga zinavyoyavuta maji ya ziwa na kuyapandisha hadi kwenye mitaa ya juu, mahali ambapo yasingefika kwa hiari yake, ndivyo mashine hii inavyolichukua joto la ndani na kulisukuma nje kunakopaswa, kwa kawaida, kuwa na joto zaidi. Zipo zinazoweza kugeuza mwendo huo na kulileta joto ndani, na hizo huwafaa zaidi wenzetu wa Limuru na Eldoret. Kazi hiyo hufanywa na gesi inayozungushwa na kompresa. Ndani ya chumba gesi hiyo hupita katika koili iliyo baridi, na feni huivuta hewa ya chumba na kuipitisha juu ya koili hiyo. Hewa inapoigusa koili hupoa, mvuke wake hutoneka, matone hukusanyika katika kisahani na kutiririka nje kwa mpira mwembamba. Yale maji tunayoyaona yakidondoka ukutani nyuma ya majengo si uchafu wala hitilafu. Ni sehemu ya Ziwa Viktoria iliyoingia chumbani bila ya kubisha hodi, nayo inarudishwa kwao.

Ukilielewa hilo, kasi ya feni haitakuwa tena suala la kelele na upepo tu. Feni ikienda kwa kasi kubwa, hewa nyingi hupita juu ya koili kwa haraka, koili haipati kuwa baridi sana, na hewa haikai nayo muda wa kutosha kuacha mvuke wake. Chumba hupoa upesi, lakini unyevu mwingi husalia. Feni ikienda polepole, koili hupata ubaridi zaidi, hewa hukaa nayo kidogo, na kila mita ya hewa inayopita huacha maji zaidi. Kwa hiyo kasi kubwa hushughulikia joto, na kasi ndogo hushughulikia unyevu. Hata hivyo kila kitu kina mpaka wake: kichujio kikiziba kwa vumbi na wadudu wa ziwani, hewa hupungua kupita kiasi, koili huganda barafu, na mashine haipozi wala haikaushi. Kichujio kioshwe kila baada ya wiki chache, na kazi hiyo haihitaji fundi.

Lipo kosa jingine lililo baya zaidi, nalo ni kuiacha feni ivume mfululizo hata kompresa inapopumzika. Kompresa ikisimama, koili bado imelowa. Feni inapoendelea kupuliza, maji yale yale yaliyokusanywa kwa gharama ya umeme huvukizwa tena na kurudi chumbani. Ni sawa na mtu anayechota maji kisimani kwa ndoo na kuyamwaga kisimani humo humo, kisha akashangaa mbona mtungi wake haujai. Dawa yake ni kuiweka feni katika mpangilio wa kujiendesha, ili ipunguze kasi au isimame kompresa inaposimama.

Na lile tone la maji? Katika rimoti nyingi kuna alama nne au tano: ua la theluji, jua, feni, tone, na alama ya mashine kujiamulia. Tone ni mpangilio wa kukausha. Ukiuchagua, mashine huipunguza kasi ya feni, huiendesha kompresa kwa vipindi, na hulenga kuondoa mvuke zaidi kuliko kushusha joto. Katika mashine nyingi kitufe cha kasi ya feni hakifanyi kazi wakati huo, na watu wengi hudhani imeharibika. Haijaharibika, imeshughulika. Mpangilio huu haufai saa nane mchana wakati chumba kinatokota. Hapo anza na ua la theluji, nyuzi 25 au 26, feni ijiendeshe yenyewe. Lakini jioni baada ya mvua, au katika miezi ya masika kuanzia Machi hadi Mei, wakati hewa si ya moto bali ni nzito, tone ndilo linalokufaa. Huko kuteremsha mpaka nyuzi 18, feni ikivuma kwa nguvu zake zote, hakuharakishi chochote ila hesabu ya umeme, na ukuta ulio baridi hualika umande mara tu mlango unapofunguliwa.

Nilialikwa wakati fulani na chama cha Kiswahili cha shule moja ya upili ya ukanda huu kuzungumza juu ya fasihi simulizi. Mazungumzo yalifanyiwa maktabani, mahali palipowekewa kiyoyozi kipya kwa mchango wa wazazi. Mashine iliwekwa nyuzi 18, feni ilivuma kwa kasi ya juu, na madirisha mawili yalikuwa wazi kwa sababu, nilivyoelezwa, baridi ilikuwa kali mno. Nilipoitoa kamusi rafuni ili nimwonyeshe mwanafunzi neno, jalada lake lilikuwa na utando mweupe, na kurasa za mwisho zimeshikana. Mkutubi, mama mwenye bidii na anayeipenda kazi yake, alinieleza kwa uchungu kwamba vitabu vilianza kuharibika zaidi baada ya mashine kuja. Hakuwa amekosea hata kidogo. Alichokosa ni mtu wa kumweleza kwa nini.

Dirisha likiwa wazi, mashine haishughuliki na chumba tena; inajaribu kulikausha ziwa kwa kikombe. Lakini hapa nataka nieleweke vizuri. Sisemi kwamba darasa la wanafunzi 50 lifungwe madirisha na kuwekewa kiyoyozi. Mtu mmoja aliyetulia hutoa kwa pumzi na jasho kadiri ya gramu 50 za maji kwa saa. Wanafunzi 50 hutoa lita mbili na nusu kila saa, ukiachilia mbali hewa chafu wanayoipumua. Darasa la namna hiyo linahitaji madirisha makubwa yanayotazamana, paa lililoinuka na feni ya kawaida ya kuwakausha jasho. Kiyoyozi ni cha vyumba vyenye watu wachache na vitu vingi visivyopenda unyevu: vitabu, kompyuta, hadubini, dawa za maabara, kumbukumbu za mitihani.

Na hata huko, ukubwa wa mashine uangaliwe. Wenye fedha hupenda kununua mashine kubwa kupita kiasi cha chumba, wakidhani kubwa ndiyo bora. Mashine kubwa katika chumba kidogo hukipoza kwa dakika chache, kompresa ikazimika kabla koili haijapata muda wa kutonesha maji. Baada ya muda mfupi huwaka tena, na tena huzimika. Chumba huwa baridi na chepechepe siku zote. Ndogo inayofanya kazi kwa utulivu na kwa muda mrefu huikausha hewa vizuri zaidi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri, kwamba kuna shule ambazo hazina hata vioo madirishani, seuze kiyoyozi. Pingamizi hilo lina uzito, nami silidharau. Lakini maarifa ya unyevu humfaa asiye na mashine kuliko aliye nayo. Asiye na mashine anaweza kujua kwamba unyevuanga huwa juu zaidi usiku na alfajiri, na huwa chini zaidi alasiri kabla ya mvua. Kwa hiyo afungue madirisha ya maktaba mchana wakati hewa ni kavu, na kuyafunga jua linapotua, badala ya kuyaacha wazi usiku kucha ili "vitabu vipate hewa". Rafu zake azisogeze mbali kidogo na ukuta wa nje. Vitabu asivibane kama magunia bandarini. Mambo haya hayagharimu hata senti moja.

Sasa nirudi katika taaluma yangu ya lugha, kwa maana hapo ndipo ninapoona kiini cha tatizo. Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuyaeleza mambo ya kisayansi. Hebu tulitazame dai hilo kwa mfano huu. Kiswahili kina neno fukuto, ambalo si joto tu, bali ni joto lile zito lisilo na upepo, la kumfanya mtu atweta. Huo ni utambuzi kwamba joto na unyevu vikikutana huzaa hali ya tatu. Kiswahili kina neno ukungu, ambalo humaanisha ule moshi mweupe wa asubuhi na pia ule uozo unaoota kwenye mkate na vitabu. Wazee waliolitumia neno moja kwa vitu hivyo viwili hawakuwa na uhaba wa maneno. Unyevu unaoelea hewani na utando unaotambaa kitabuni kwao vilikuwa jamaa moja. Kiswahili kina neno rutuba, ambalo leo twalijua kuwa ni nguvu ya udongo, lakini katika Kiarabu tulikolitoa ni unyevu wenyewe. Tuna umande, mvuke, chepechepe, majimaji na unyevunyevu. Na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Lugha haina njaa ya maneno. Tulio na njaa ni sisi tusiokwenda ghalani.

Matokeo yake ni kwamba mtu hununua mashine ya maelfu ya shilingi, akapewa kijitabu chenye lugha za mataifa chungu nzima, na yake haimo. Hubaki kubahatisha kwa alama. Na alama zenyewe! Ua la theluji kwa mtoto wa Kisumu ambaye hajaiona theluji ila katika picha ya kilele cha Mlima Kenya. Tone la maji ambalo watu wengi hulifasiri kuwa ni kuongeza maji, kumbe ni kuyaondoa. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu tone lile lina maana gani, na wengi walijibu kwamba litaleta hewa yenye umajimaji. Jibu lao lina mantiki kamili. Alama isiyofafanuliwa kwa lugha ni fumbo, na fumbo humfumba mjinga na mwerevu pia.

Isitoshe, hili si suala la hisani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidi bidhaa hiyo kikamilifu. Ziunganishe ibara hizo mbili. Habari iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa mnunuzi ni habari gani? Anayenyimwa maelezo na anayepewa maelezo asiyoweza kuyasoma wana tofauti gani, isipokuwa yule wa pili amebeba karatasi? Tangu mwaka 2021, UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, tumekuwa tukikusanyika kila mwaka kughani mashairi na kukata keki. Si vibaya. Lakini lugha haikui kwa kusifiwa. Hukua kwa kutumwa kazi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, waagizaji wa mitambo ya nyumbani watakiwe kuambatanisha angalau ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili, unaofafanua kila alama iliyo kwenye rimoti, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa lilitazame jambo hilo kama sehemu ya ubora wenyewe. Ubora wa chombo hauishii katika chuma chake. Umo pia katika kutumika kwake.

Pili, shule ya taasisi yoyote inayonunua kiyoyozi iandike kwa wino mzito na kubandika ukutani mstari mmoja mmoja kwa Kiswahili: nyuzi 25, feni ijiendeshe, tone baada ya mvua, madirisha yafungwe mashine inapofanya kazi, kichujio kioshwe mwezi huu. Karatasi hiyo itaokoa vitabu vingi kuliko hotuba hii yangu.

Tatu, na hili nawaelekezea walimu wenzangu wa sayansi, jiografia na Kiswahili pamoja: wafundisheni wanafunzi kuupima unyevu kwa mikono yao. Chukueni vipimajoto viwili vinavyofanana. Kimoja kiacheni kikavu; kingine kivisheni pamba au kitambaa kilicholowa kwenye tumbo lake, kisha mvipepee vyote. Maji yanapovukizwa kwenye kitambaa, kipimajoto kile hushuka. Hewa ikiwa kavu, hushuka sana. Ikiwa imejaa mvuke, hakishuki kabisa. Kikavu kikionyesha nyuzi 26 na cha pamba nyuzi 21, unyevuanga ni kama asilimia 65, na maktaba yenu imo hatarini. Zikitofautiana kwa nyuzi 7 au 8, vitabu vyenu vimesalimika. Vipimo hivyo viandikwe kila siku, asubuhi, alasiri na jioni, na mwanafunzi wa kidato cha pili atunge insha ya Kiswahili akieleza alichokiona na sababu zake. Hapo mwalimu wa sayansi na mwalimu wa lugha watakuwa wamelima shamba moja, badala ya kila mmoja kuchungulia la mwenziwe kupitia uani.

Mwanafunzi aliyeandika insha hiyo hatapumbazwa na muuzaji anayemshawishi anunue mashine kubwa kuliko chumba. Atamweleza mkutubi kwa nini vitabu vimeota utando. Atamweleza mama yake ufuoni, kwa lugha wanayoielewa wote wawili, kwamba kile alichokijua siku zote kuhusu omena kina jina, kina kipimo, na kimeandikwa vitabuni. Na huenda mama akamwongezea mawili matatu yasiyomo vitabuni.

Joto ni adui anayekuja mchana kweupe akipiga kelele. Kila mtu humwona na kumkimbia. Unyevu huja usiku, kimya kimya, na hula kidogo kidogo: jalada leo, ukurasa kesho, kifua cha mtoto keshokutwa. Silaha ya kumkabili tumeshainunua kwa fedha zetu na kuitundika ukutani. Iliyobaki ni kuisoma, na wa kutusomea ni mwalimu.